Kanisa Likifungwa, Acheni Watoto Walale Humo

Kuna video ambayo haifi. Kila baada ya miezi michache inarudi kwenye makundi ya WhatsApp, ya familia na ya kwaya, ikiwa imebandikwa maneno mapya. Ni kanisa la mawe kule Uingereza. Mnara bado umesimama, vioo vya rangi viko palepale, lakini ndani kuna jikoni. Palipokuwa na madhabahu sasa pana kochi na televisheni. Chini yake watu wanapokezana: Wazungu wameisha. Nyumba ya Mungu imegeuzwa nyumba ya kulala. Ishara za nyakati. Kisha amina, amina, amina.

Mimi nabishana na hizo amina.

Tuanze na yaliyo kweli. Makanisa yanafungwa, hilo si uvumi. Kanisa la Anglikana la Uingereza peke yake limefunga karibu makanisa 2,000 tangu 1969, mwaka ambao utaratibu wake wa kisheria wa kufunga makanisa ulipoanza kutumika. Mengine yalibomolewa, mengine yakahifadhiwa kama kumbukumbu, mengine yakawa ofisi, kumbi za muziki, au yakachukuliwa na madhehebu mengine. Na mengi yakawa nyumba za watu. Scotland nako, kanisa lililotuma wamishonari Kikuyu linauza majengo yake kama mtu anayepunguza mifugo wakati wa kiangazi. Ukipita Thogoto ujue unapita kwenye jina la nchi hiyo: wanasema ni “Scotland” iliyopita midomoni mwa Wakikuyu ikatoka hivyo. Pale Kanisa la Mwenge, lililojengwa kati ya 1928 na 1933, hujaa hadi leo. Kule kwa waliolijenga, mabenchi yanapigwa mnada.

Kwa hivyo naelewa kwa nini video hiyo inatuuma. Aliyetufundisha kusali anauza chumba alichosalia. Lakini uchungu si hoja. Ukisema ni kufuru kwa familia kuishi ndani ya kanisa lililofungwa, tuonyeshe kufuru iko wapi.

Iko kwenye kuta? Kanisa la zamani zaidi ambalo wachimbaji wa mambo ya kale wamelitambua bila shaka liko Dura-Europos, Syria, kando ya mto Furati. Unajua lilikuwa nini mwanzoni? Nyumba ya mtu. Katika miaka ya 240 hivi, waumini walivunja ukuta kati ya vyumba viwili ili wapate ukumbi wa kukusanyikia, wakakifanya chumba kingine cha ubatizo na kukichora picha ukutani. Kabla ya hapo, Paulo katika barua yake kwa Warumi anatuma salamu kwa waumini waliokuwa wakikutana nyumbani kwa Priska na Akila. Imani hii ilizaliwa sebuleni, karibu na sufuria na watoto wanaolia. Hata leo, Mkatoliki yeyote wa Kenya aliye kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo anajua hivyo: wiki hii kwa Mama Wanjiru, wiki ijayo kwa Baba Otieno, viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani, meza ya chai inafunikwa kitambaa cheupe. Hakuna anayesema Mama Wanjiru amelichafua kanisa kwa sababu ana friji.

Ikiwa nyumba inaweza kuwa kanisa bila dhambi, kwani njia ya kurudi imefungwa na nani?

Si na Kanisa lenyewe. Kanuni ya 1222 ya Sheria ya Kanisa Katoliki, ile ya 1983, inamruhusu askofu, jengo likishindikana kutumika kwa ibada na kukarabatiwa, kuliachilia kwa matumizi ya kawaida, mradi yasiwe ya aibu. Soma tena: matumizi ya kawaida. Wenye kanisa walishakaa chini wakafikiria siku hii, wakaandika kifungu. Sisi wa amina ndio tunataka kuwa wakali kuliko askofu.

Na ebu tuulize mbadala wake ni upi. Watu wanaosema “afadhali lingeachwa tu” hawajui kuachwa ni nini. Jengo la mawe halikai likikusubiri kwa heshima. Majani yanaziba mifereji ya paa, maji yanaingia ukutani, barafu inapasua mawe. Kule Uingereza wezi hupanda usiku kubandua risasi, ile madini inayofunika paa nyingi za makanisa, wakauze kama chuma chakavu. Paa likianza kuvuja, boriti zinaoza. Boriti zikioza, sakafu inafuata. Baada ya miaka kadhaa una kuta nne, njiwa na kibao cha “Hatari, usiingie.” Hayo ndiyo maheshimu mnayoyataka?

Anayelinunua ili aishi humo ndiye anayepanda juu ya lile paa. Na hanunui raha. Ukumbi una kimo cha nyumba tatu na joto lote linapanda juu, kwa hivyo majira ya baridi bili ya kupasha moto inamtoa machozi. Kama jengo liko kwenye orodha ya urithi, hawezi kutoboa dirisha wala kupitisha sakafu mpya katikati ya kioo cha rangi bila kibali. Popo wakiwa darini, sheria ya Uingereza inawalinda, na fundi anasubiri. Nje kuna makaburi, na mara nyingi jamaa za marehemu wanabaki na haki ya kuja kuweka maua wakati yeye anaanika nguo. Ukikubali hayo yote, wewe si mnajisi. Wewe ni mtunzaji anayejilipia mwenyewe.

Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa adabu. Utrecht, Uholanzi, kuna kanisa la Mtakatifu Yakobo, la 1870. Lilikuwa tayari limetumika kama duka la kuonyeshea fanicha za kale wakati wasanifu wa Zecc walipoligeuza nyumba ya familia. Walijenga vyumba vyeupe ndani ya ukumbi, matao na vioo vya rangi vikaachwa vionekane. Linganisha na Paradiso ya Amsterdam, ukumbi wa zamani wa kanisa ambao tangu 1968 ni klabu ya muziki. Sina ugomvi na muziki. Ila kati ya mambo yote yanayoweza kuliingia kanisa lililofungwa, familia ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi yake ya kwanza. Watu wanakula pamoja. Mtoto analetwa kutoka hospitali. Mzee anauguzwa humo hadi siku yake. Hayo ndiyo kanisa lilikuwa likiyabariki tangu zamani.

Sasa nitawapa watu wa amina haki yao, kwa sababu wanayo, ila wanaitafuta mahali pasipo. Aibu haiko jikoni. Iko kwenye mnada. Kanisa la mtaa lilijengwa kwa senti za watu wengi: mchimba makaa, mjane, mtumishi wa ndani. Ni harambee, hata kama wao hawakuiita hivyo. Likishafungwa linauzwa kwa mwenye pesa nyingi, na mara nyingine anayeingia si familia bali mtu anayetaka nyumba ya wikendi, au ya kukodisha kwenye Airbnb. Wakati huohuo, utafiti uliotolewa 2013 ulihesabu makanisa 240 yenye waumini wengi weusi katika eneo moja tu la London, Southwark. Mengi yanasalia kwenye maghala na kumbi za kukodi, yakizozana na halmashauri yao kuhusu vibali, kelele na maegesho. Wajukuu wa waliohubiriwa wanasali karibu na gereji, na jengo la aliyewahubiria linatangazwa na ajenti wa nyumba. Hapo ndipo video ingefaa kuchukuliwa. Swali la haki si “mbona wanalala humo?” Ni “nani aliulizwa kwanza?” Aulizwe anayetaka kusali. Akikosekana, aulizwe asiye na nyumba. Mwenye pesa asubiri foleni kama wengine.

Na tukimaliza kuwakemea Wazungu, turudi kwetu tuangalie geti.

Maana sisi tunajenga, wueh. Kila mtaa una jengo la ghorofa la ibada lililosimama kwa harambee, bahasha na ahadi ya mheshimiwa. Jumapili limejaa. Jumatatu hadi Jumamosi mengi yana kufuli na askari, na hatua chache kutoka hapo mama na watoto watano wanalala kwenye chumba kimoja cha mabati. Julai 2025 Rais William Ruto alithibitisha kwamba anajenga kanisa ndani ya Ikulu, akasema hatamwomba mtu radhi. Sawa, hata asipoomba radhi, ajibu swali moja ambalo kamati nyingi za ujenzi hazijajibu: watu wakipungua, hili jengo litakuwa la nani?

Tusijidanganye kwamba hatutapungua. Hata wajenzi wa makanisa ya Scotland hawakuwa na shaka. Vijana wetu tayari wanaondoka, baadhi kwa sababu ya bahasha hizohizo.

Tungeweza kujifunza kwa majirani wa Pwani. Mwislamu anayeweka wakf hutaja tangu mwanzo mali inawekwa kwa kazi gani na nani afaidike nayo. Hawaachii mnada uamue. Nasi tufanye hivyo. Kabla ya mawe ya msingi, kabla ya keki kukatwa na wageni kutambulishwa, katiba ya kila kanisa iandike mstari mmoja: siku waumini wakiisha, jengo hili lipewe kwanza wanaotaka kusali, kisha familia isiyo na pa kulala, na lisiuzwe kwa faida ya mtu yeyote.

Kamati inayokataa kuandika mstari huo isiniletee bahasha.