Tovuti Nayo Ipimwe Kama Gauni



Fundi hakati kitambaa kabla hajampima mteja. Hilo tulifundishwa siku za mwanzo kabisa za kozi ya ushonaji. Lakini tulipotengenezewa tovuti yetu ya kwanza tulilisahau, ndiyo maana leo tunaandika, mwenzetu asije akapita tulipopita.

Tunashona magauni ya harusi na mabuibui hapa Kyela. Wateja wetu wako mjini, Ipinda na Matema, na wengine huvuka Kasumulu wakitokea Malawi. Tulimwambia mtaalamu tunataka tovuti ya kupendeza, basi. Akatuwekea picha kubwa zinazotembea, maua yanayodondoka na muziki. Kwenye kompyuta yake iling'aa. Kwenye simu ya bibi harusi mmoja wa Matema kilionekana kiduara kinachozunguka tu, mpaka bando likakata. Akaenda kwa fundi mwingine, wala hatumlaumu.

Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kufika megabaiti 3 hadi 5. Weka kumi, umeshammalizia mwenzako megabaiti 30 au 50 kabla hajaiona bei. Picha hiyohiyo ikipunguzwa hubaki kilobaiti 200, na nakshi ya shingoni bado inaonekana vizuri. Vitufe navyo visibanane: Google hushauri kitufe kiwe na upana wa milimita 9 hivi, ili hata kidole cha mama mkwe kikipate bila kugusa kingine. Na bei iandikwe wazi. Kumwambia mteja "njoo inboksi" kwa kila gauni ni kumchosha.

Lakini lililotuuma zaidi ni fomu ya vipimo. Ilimlazimisha mteja aweke picha yake ya mwili mzima. Siku moja bibi harusi akatupigia simu: "Dada, hiyo picha anaiona nani?" Tukakosa jibu, kwa sababu nywila alikuwa nayo mtaalamu, si sisi.

Dada zetu, gauni linahitaji bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu. Halihitaji picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana. Kwetu sisi Waislamu, hata kabla ya sheria hiyo, sitara ya mwanamke ni amana. Tuliifuta sehemu ile, tukachukua nywila zetu, na magauni sasa tunayapiga picha yakiwa yamevikwa sanamu.

Kwa hiyo kabla hujammalizia mtaalamu malipo yake, mwite shangazi au jirani ambaye hajawahi kuiona tovuti yako. Mpe simu ya kawaida yenye bando dogo. Mwambie atafute gauni, aone bei, aagize. Wewe kaa kimya, usimwelekeze. Pale atakapokwama ndipo pa kufumua na kushona upya. Kufumua mapema hakuna aibu. Aibu ni gauni kumbana bibi harusi siku yenyewe.

Allah atujaalie biashara zenye baraka.