Kusoma kwa Mtoi Hakungoji Gredi 1, na Kaunti Yako Iko na Deni

Kila msee anapiga kelele juu ya Gredi 9 na chuo, lakini hii mambo huanza PP1 na PP2, watoi wakiwa miaka 4 na 5. Na hapa wengi hawana rada: Katiba ya 2010 iliwapa kaunti chekechea za umma. Walimu wa huko huajiriwa na kaunti, sio TSC. Kwa hivyo kama darasa la mtaa wenu halina hata kitabu cha picha, wa kuulizwa ni gavana na MCA wako. Wakija kuomba kura 2027, usiwaulize lami pekee.

Lakini pia usikae tu ukingoja kaunti. Kusoma huanza na masikio. Mtoi akishika kwamba "baba", "basi" na "bata" zinaanza na sauti moja, ashaingia njia. Kiswahili husomwa vile kimeandikwa, so ba-be-bi-bo-bu haichukui muda. Mkiwa stage, msomee jina la mat. Jioni weka simu kando, mpe hadithi, halafu muulize, "Unadhani nini itafuata?" Hiyo haitaki doh. Inataka wewe, dakika 10 kila siku.