Kiti cha mtoto mbele ya bingwa

Mzazi mwenzangu, hebu leo tuanze na swali. Kijana wako ana jezi ya Harambee Stars, na kila jioni huwezi kumtoa uwanjani hadi giza liingie. Je, ni lini atapata nafasi ya kucheza na nahodha wa timu hiyo, mchezo kamili, refa akiwapo na matokeo yakiandikwa? Hatapata, isipokuwa siku moja awe yeye mwenyewe katika timu ya taifa. Hivyo ndivyo michezo mingi ilivyo: bingwa yuko huko, nasi tuko huku tukipiga makofi.

Hata mashindano yanayoitwa ya wazi aghalabu huwa wazi nusu. Kenya Open ya gofu ilianza mwaka 1967 hapa Nairobi, na jina lake ni zuri, lakini uwazi wangu na wako huishia kwenye kamba. Tunasimama nyuma yake tukiwa kimya kama watu walio matangani huku wenzetu wakipiga mpira. Mbio za Nairobi Marathon, zilizoanza mwaka 2003, zina nafuu. Fundi wa viatu na karani wa benki hukimbia siku ile ile na katika mashindano yale yale na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini muda si muda bingwa huwa ameshatokomea, na karani hubaki akiutazama mgongo wa karani mwenzake.

Sataranji ndiyo iliyofanya jambo ambalo michezo mingine imeshindwa. Katika mashindano ya wazi ya sataranji, mtoto wa darasa la sita aliyejiandikisha na kulipa ada yake anaweza kuketi kwenye meza moja na mtu ambaye jina lake limo vitabuni, wakapeana mikono, saa ikabonyezwa, na kwa muda wa saa tatu au nne bingwa yule asiwe na kazi nyingine duniani ila kumfikiria mtoto huyo.

Wasomaji wengi mnaijua zaidi drafti, ile ya vifuniko vya soda pale kwenye kibanda cha mtaani. Sataranji ni jamaa yake, ila kete zake zina vyeo: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi, na kile kitunda kidogo cha mbele ambacho kikifika mwisho wa ubao hugeuka kuwa malkia. Sitawafunza kucheza hapa. Ninalotaka mlielewe ni vile mashindano yenyewe yanavyopangwa, kwa sababu ndipo siri ilipo.

Mwaka 1895, katika mji wa Zurich nchini Uswisi, ulitumiwa mpango ambao mpaka leo huitwa mfumo wa Uswisi. Katika mpango huu hakuna anayetolewa kwa kushindwa. Kila mmoja hucheza raundi zote, ziwe sita au tisa, na katika kila raundi hupangwa na mtu mwenye alama sawa na zake au zinazokaribiana. Anayeshinda hukutana na washindi, anayeshindwa hukutana na walioshindwa, hivyo kufikia siku ya pili kila mtu huwa amepata saizi yake. Lakini tazama raundi ya kwanza! Wachezaji hupangwa kwa uwezo, orodha ikakatwa katikati, nusu ya juu ikakutanishwa na nusu ya chini. Wakiwa 200, nambari 1 hucheza na nambari 101, nambari 2 na 102, na yule wa mwisho kabisa, nambari 200, hukutana na nambari 100. Kwa hiyo mwanafunzi aliye katikati ya orodha ndiye hasa huangukia mikononi mwa bingwa asubuhi ile ya kwanza.

Na msidhani bingwa huyo hulala vizuri. Uwezo wa wachezaji hupimwa kwa hesabu iliyobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, ambayo FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924, ilianza kuitumia mwaka 1970. Kwa hesabu hiyo, mdogo akishindwa na mkubwa hupoteza alama kidogo sana, lakini mkubwa akishindwa na mdogo hunyolewa bila maji. Mtoto ameketi pale hana cha kuogopa. Anayetoa jasho ni mzee wa upande wa pili.

Mji mkuu ambao umeufanya uwazi huu kuwa sehemu ya maisha yake ni Reykjavik, kule Aislandi, kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya ambacho watu wake wote hawafiki 400,000, hali Nairobi peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 4 mwaka 2019. Mashindano yao ya Reykjavik Open yalianza mwaka 1964. Yale ya kwanza yalikuwa ya wachezaji 14 walioalikwa, na Mikhail Tal, aliyekuwa bingwa wa dunia miaka michache kabla yake, aliyashinda kwa kujizolea alama 12 na nusu katika michezo 13. Miongoni mwa wanaume hao alikuwamo Nona Gaprindashvili wa Georgia, bingwa wa dunia wa wanawake. Akina mama, liwekeni hilo akilini anapotokea mtu wa kuwaambia kwamba sataranji si mchezo wa wasichana.

Mwaka 1972 mji huo huo ulikuwa mwenyeji wa mchuano wa Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Muungano wa Sovieti, uliochezewa katika ukumbi wa michezo wa Laugardalshöll. Fischer alishinda kwa 12 na nusu dhidi ya 8 na nusu. Vurugu na vitimbi vyake havitoshi katika safu hii. Itoshe kusema kwamba Aislandi ilimpa uraia mwaka 2005 na kwamba alifia Reykjavik mwaka 2008.

Kwetu sisi, muhimu zaidi ni kilichofuata mwaka 1982, walipoacha kualika wachache na kuingia katika mfumo wa Uswisi. Isipokuwa mwaka 1992, hawakurudi nyuma tena. Baadaye mashindano yakahamia Harpa, jumba la muziki lililo kando ya bandari, lililofunguliwa mwaka 2011. Piga picha kichwani: ukumbi uliojengewa okestra umejaa meza, na ndani yake wamo mabingwa wakuu, mwalimu aliyestaafu, na mtoto ambaye miguu yake haifiki sakafuni, wote wakiwa chini ya kanuni moja.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Wengi mmetazama filamu ya mwaka 2016 kuhusu Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, ambamo Lupita Nyong'o wetu aliigiza kama mama yake. Binti huyo hakuifuata sataranji. Alimfuata kaka yake, naye kaka alikuwa akienda kwa Robert Katende, aliyewafunza watoto wa mtaa huo huku akiwapa uji. Mwaka 2009 alikwenda Juba na wenzake kwa mashindano ya watoto, mwaka 2010 akaichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 akapata cheo chake cha kwanza cha kimataifa mjini Istanbul. Filamu hulia na kucheka na wahusika, lakini mimi jicho langu huenda kwenye nauli. Juba palikuwa karibu. Mashindano yakiwa karibu, mtoto wa maskini huweza kufika.

Nauli hiyo ndiyo inayotuuma sisi pia. Cheo cha juu kabisa, bingwa mkuu, ambacho wachezaji hukiita grandimasta, hakipatikani kwa kuwashinda majirani. Lazima mtu afikishe alama 2,500 na afanye vizuri katika mashindano yenye wapinzani wa vyeo wa kutosha kutoka nchi mbalimbali. Amon Simutowe wa Zambia alikipata mwaka 2009, lakini alikuwa amesoma Marekani na kucheza sana ng'ambo. Hadi mwaka 2024 Kenya haikuwa imepata hata mmoja. Sisemi vipaji havipo. Nasema kijana wa Umoja au Kawangware hana tikiti za ndege za kwenda Ulaya mara tatu kwa mwaka, hivyo kila mara wageni wa vyeo wanapokuja kucheza Nairobi, katika Kenya Open ya sataranji au penginepo, huwa wamemletea safari hizo mlangoni.

Basi ukisikia tangazo, nenda, lakini uliza mapema kama mashindano yamegawanywa makundi. Siku hizi waandaaji wengi huwatenga wanaoanza katika kundi lao, na sababu ninaielewa, maana kuchapwa mara sita mfululizo si jambo dogo kwa mtoto wa miaka kumi. Hata hivyo, mtoto aliyekwisha kushiriki mara mbili tatu na anayejua kulia kidogo kisha kunawa uso, mwandikishe katika kundi la wazi.

Mfunze kabla ya kwenda kwamba akiigusa kete yake lazima aicheze ikiwa inaweza kwenda popote, kwamba simu haingii ukumbini, na kwamba akiwa na neno aite mwamuzi kwa kuinua mkono. Beba chakula, kwa kuwa siku yaweza kuwa na raundi mbili ndefu na vya kuuzwa mjini havina huruma. Wewe mwenyewe utakaa nje. Wazazi wanaochungulia kwa ishara za macho na kukohoa ni aibu kubwa, nao waamuzi huwajua.

Akitoka ameshindwa, usimuulize matokeo. Wachezaji wengi wakubwa wana desturi nzuri: mchezo ukiisha, huwa radhi kuzipanga kete upya pembeni na kumwonyesha mpinzani wake mahali alipopotea. Mwambie binti yako aombe kwa adabu, "Shikamoo, nilikosea wapi?" Aulize akiwa na ile karatasi aliyoandikia hatua zake zote, na akimaliza airudishe nyumbani ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya daftari.