Ajali haina kinga? Mbio za magari zimeonyesha kwamba inayo

Siku ya posho, tarehe 30 mwezi wa nne mwaka 1994, dereva wa Austria Roland Ratzenberger alikufa katika uwanja wa mbio wa Imola, nchini Italia. Alikuwa na miaka 33. Bawa la mbele la gari lake, lile linalolikandamiza gari chini lisiruke, lilikatika wakati gari likikimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Gari halikusikia tena usukani, likagonga ukuta.

Kesho yake, siku ya yenga, magari yalipangwa kwenye mstari na mbio zikaanza. Katika mzunguko wa saba, Ayrton Senna wa Brazil, bingwa wa dunia mara tatu, akagonga ukuta kwenye kona ya Tamburello. Naye akafa. Ndani ya gari lake ilikutwa bendera ya Austria. Alitaka kuipeperusha mwisho wa mbio kwa kumkumbuka mwenzake.

Kifo cha siku ya yenga kilisikika dunia nzima. Serikali ya Brazil ilitangaza siku tatu za maombolezo, na mji wa São Paulo ulijaa watu. Kifo cha siku ya posho wengi wamekisahau. Ratzenberger alikuwa mgeni katika Formula 1, timu yake ilikuwa changa, na alikuwa ameshiriki mashindano moja tu kabla ya Imola. Max Mosley, aliyekuwa mkuu wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, alikwenda kumzika Ratzenberger huko Salzburg. Baadaye alieleza kwamba wakubwa wote walikuwa wamekwenda kwa Senna, ndiyo sababu aliona ni vema yeye aende kwa huyu mwingine.

Wazee husema ajali haina kinga. Historia ya mbio za magari inasema neno lingine: kinga ipo, lakini huja pale tu watu wanapokubali kuhesabu kila kifo, cha mkubwa na cha mdogo, na kuuliza ni kitu gani kilichoua.

Kwa miaka mingi hawakuuliza. Tarehe 29 mwezi wa saba mwaka 1973, huko Zandvoort nchini Uholanzi, gari la Mwingereza Roger Williamson lilipinduka na kuwaka moto. Alikuwa na miaka 25, na hayo yalikuwa mashindano yake ya pili tu ya Formula 1. Mwenzake David Purley alisimamisha gari lake mwenyewe, akavuka njia mbio, akajaribu kuliinua lile gari kwa mikono. Walinzi wa njia walikuwa karibu, lakini hawakuwa na nguo za kukinga moto. Purley alichukua kizima moto, nacho hakikutosha. Magari mengine yaliendelea kupita, maana madereva walidhani Purley ndiye mwenye gari linaloungua na kwamba ameshatoka salama. Williamson alifia mle ndani. Mbio hazikusimamishwa.

Uingereza ilimpa Purley nishani ya ushujaa, na ilikuwa haki yake. Lakini ushujaa wa mtu mmoja hauwezi kufanya kazi ya nguo za moto, ya gari la zimamoto na ya bendera nyekundu.

Jackie Stewart wa Scotland aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1966, kwenye uwanja wa Spa nchini Ubelgiji, gari lake liliteleza kwenye mvua na kumnasa ndani kwa dakika karibu 25, mafuta yakimwagikia mwilini. Hakukuwa na watu wa kumtoa. Waliomwokoa ni madereva wenzake, tena kwa spana ya kuazima. Toka siku hiyo alidai mikanda, vizuizi kando ya njia, waganga na watu wa zimamoto. Alishawishi wenzake wasikimbie kwenye viwanja vya hatari. Kuna waliomwita mwoga. Huyo mwoga alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1969, 1971 na 1973.

Wengine wangali wanasema hatari ndiyo utamu wa mbio, na kwamba dereva anajua anachokifuata na analipwa. Neno hilo lina upande wa kweli, maana hakuna aliyelazimishwa kuingia katika gari lile. Lakini mwaka 1955, kwenye mbio za Le mans nchini Ufaransa, gari la Pierre Levegh liliruka na vipande vyake vikawaangukia watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wao hawakulipwa, walilipa kiingilio. Na tena, mtu kukubali hatari si ruhusa ya kumwacha afe kwa kitu kinachoweza kutengenezwa.

Baada ya Imola, kazi ilifanywa. Kona ya Tamburello ilibadilishwa ili magari yapunguze mwendo. Mwendo uliwekewa kikomo pale magari yanapoingia kubadilisha magurudumu. Kingo za gari pembeni mwa kichwa cha dereva ziliinuliwa. Mwaka 2003 kila dereva wa Formula 1 alilazimishwa kuvaa kifaa cha mabegani kinachoshika kofia, kichwa kisirushwe mbele gari likigonga. Kifaa hicho kinazuia kuvunjika kwa mfupa wa chini ya fuvu, na ndivyo alivyokufa Ratzenberger. Kwa hiyo yule aliyesahauliwa yumo katika kinga ya kila dereva wa leo.

Kifo hakikuisha. Mwaka 2014, huko Suzuka nchini Japani, Jules Bianchi wa Ufaransa aligonga mashine iliyokuwa ikiondoa gari jingine njiani, akafa mwaka uliofuata. Mwaka 2018 ukaletwa upinde wa chuma kigumu juu ya kichwa cha dereva, unaoitwa halo. Romain Grosjean alikuwa mmoja wa walioukataa. Tarehe 29 mwezi wa kumi na moja mwaka 2020, huko Bahrain, gari lake lilipasua kizuizi cha chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka. Sekunde karibu 28 baadaye akatoka ndani ya moto kwa miguu yake, mikono imeungua. Yeye mwenyewe alikiri kwamba bila halo asingekuwa hai.

Williamson na Grosjean waliwaka moto wote wawili. Kilichowatofautisha si bahati tu. Kati yao kuna miaka 47 ya watu kuuliza na kudai.

Motari wa Goma, Butembo ao Uvira hana waganga wanaomfuata kwa gari la mbio. Familia inayokimbia vita na kupanda juu ya mizigo ya lori haikuchagua hatari hiyo hata kidogo. Lakini ajali ikitokea, mara nyingi watu husema ni mapenzi ya Mungu, wanazika, na kesho lori lingine linapita kona ileile na mzigo uleule. Kuomba ni vema. Kuuliza hakukatazwi: breki zilikuwaje? Lori lilibeba watu wangapi? Abiria wa pikipiki alipewa kofia? Kona hiyo imeua mara ngapi?

Majibu hayo yaandikwe pamoja na majina ya waliokufa, hata kama ni wahami ambao hakuna anayewajua mahali pale. Imola, kifo kilikuja siku ya posho, na siku ya yenga magari yakapangwa tena.