Betri Ndogo, Dhana Kubwa

Leo nazungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda hamkulitarajia kutoka kwa mwalimu wa madrasa: kompyuta ya dukani, na namna inavyoamka asubuhi. Msinicheke. Nimeiona ikikaribia kumvunjia heshima msichana asiye na hatia, na dawa yake ilikuwa betri moja yenye umbo la sarafu.

Dada yangu anauza mabuibui na mitandio katika Mji wa Kale, Mombasa. Wateja wake ni watu wa mtaani, na wengi huchukua nguo kwa mkopo kisha hulipa kidogo kidogo hadi Idi. Kwa hiyo hesabu za madeni ndizo roho ya duka. Tangu alipofungua mwaka 2019, hesabu hizo zimo katika kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, mojawapo ya zile zilizoundwa kwa ajili ya maofisi, ambazo kampuni zikishazibadilisha huuzwa tena kwa bei nafuu. Anayeiendesha ni binti mmoja yatima, ambaye mimi mwenyewe nilimsomesha juzuu zake za mwanzo.

Mwishoni mwa mwezi wa Mlisho alikuja mama mmoja akisema amekwisha maliza deni lake. Dada alipoyatafuta malipo hayo kwa tarehe hakuyaona. Alipoyatafuta kwa jina aliyakuta, lakini yameandikwa kuwa yalipokewa tarehe 1 Januari 2012, miaka saba kabla ya duka lenyewe kuwepo. Akaendelea kupekua, akakuta mengine ya namna hiyo, yametawanyika katikati ya yale yenye tarehe sahihi. Akamwita binti mbele ya wateja, akamwuliza ni fedha za nani alizokuwa akizificha. Binti hakupata la kujibu. Aliuweka ufunguo juu ya meza, akaenda kwao akilia.

Usiku ule dada alinipigia simu. "Kaka, nimeibiwa na mtoto niliyemlea."

Nikamwuliza, "Hayo malipo yenye tarehe mbovu, yameandikwa kuwa ni ya saa ngapi?"

Akayatazama moja moja. Moja saa sita na nusu za usiku, jingine saa saba, jingine saa nane kasorobo. Yote ni ya usiku wa manane, wakati ambao duka limefungwa na paka wamelala. Nikamwambia, "Basi subiri hadi kesho, wala usimtaje binti wa watu kwa mtu yeyote." Maana mwizi anayeghushi tarehe hachagui siku moja ileile kila mara, tena siku ambayo kila mtu ataiona kuwa ni uongo. Hiyo haikuwa kazi ya mtu. Kompyuta ya ofisi ya madrasa yetu ilipata kuugua ugonjwa huohuo, na fundi aliyeitibu alinifunza niliyoyashika.

Tufahamu kwanza kompyuta huamka vipi. Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, kabla ya Windows kuonekana, huamka programu ndogo inayokaa ndani ya bodi kuu, nayo huitwa bayosi. Hiyo hukagua kama kumbukumbu ipo, kama kibodi ipo, kama diski ipo, kisha humkabidhi Windows kazi. Ndani ya bodi hiyo kuna pia saa, ambayo hutakiwa kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo ndiyo babu wa hizi zetu, haikuja na saa ya namna hiyo, na mwenyewe alilazimika kuiambia tarehe kila alipoiwasha. Ilipofika 1984, kampuni hiyo ilitoa modeli ya PC AT yenye saa na kumbukumbu kidogo ya mipangilio, vyote vikilishwa na betri. Desturi hiyo ipo hadi leo.

Betri hiyo huitwa CR2032. Tarakimu 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3, na huuzwa katika maduka mengi ya saa na ya vifaa vya umeme. Maadamu waya wa kompyuta umechomekwa ukutani na swichi iko wazi, saa hupata umeme kutoka huko, hata kama mashine imezimwa. Swichi ya ukutani ikizimwa, saa hubaki ikitegemea betri peke yake. Betri ikiwa imekufa, saa husimama, na asubuhi huanza upya kutoka tarehe iliyotiwa humo na waundaji, saa sita kamili za usiku.

Sasa tazameni mambo yalivyotokea. Dada yangu ni mtu wa tahadhari, na kila jioni huzima swichi zote za ukutani kwa kuchelea umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Asubuhi binti akiwasha, mashine humwambia leo ni 1 Januari 2012. Siku ambazo hakuna mteja, huitazama simu yake na kuirekebisha tarehe, na siku hiyo nzima stakabadhi hutoka sawa. Siku ambazo wateja wamekwisha simama mlangoni, huanza kuuza kwanza na kurekebisha baadaye. Yale ya mwanzo wa asubuhi ndiyo yaliyoandikwa kuwa ya usiku wa 2012. Alidhani ni kasoro ndogo ya kompyuta kongwe, akaona haya kumsumbua mwenye duka. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la kunyamaza, si la mkono.

Asubuhi ya pili nilikwenda na bisibisi, brashi laini ya rangi iliyo mpya, na betri. Nitaeleza tulivyofanya, kwa sababu kila mwenye kompyuta ya namna hii anaweza kuifanya kazi hii akiwa mtulivu.

Kabla ya kufungua chochote, tuliyanakili madaftari yote ya duka katika flashi, tukaiweka kando. Kisha tukaingia katika kurasa za bayosi na kupiga picha kila ukurasa kwa simu. Mlango wa kurasa hizo ni kitufe kinachobonyezwa mara tu mashine inapowashwa: kwa mashine nyingi za ofisi za HP ni F10, kwa Dell ni F2, na kwa ThinkCentre za Lenovo ni F1. Msiipuuze hatua ya picha. Baadhi ya mashine, betri ikifa au ikitolewa, hurudia mipangilio ya kiwandani, na mojawapo ya mipangilio hiyo ni namna diski inavyozungumza na bodi. Ikibadilika, Windows hukataa kuamka na kuonyesha skrini ya buluu, nawe utaambiwa diski imekufa, ifutwe. Huenda haina ugonjwa wowote. Rudisha mpangilio ule ulio katika picha yako, uijaribu tena, kabla ya kumruhusu mtu kufuta hesabu za miaka.

Baada ya hapo tuliizima kompyuta, tukachomoa waya wa umeme, na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Mashine hizi za ofisi zina uzuri wake, kwani kasha la nyingi kati yake hufunguka kwa kuvuta kishikio tu. Kabla ya kugusa kitu cha ndani niliushika mwili wa chuma wa kasha, kwa sababu mwili wa mwanadamu hubeba umeme mdogo asiouhisi, unaoweza kuua sehemu laini.

Ndani tulikuta vumbi la nguo limejaa kama pamba ya mto. Vumbi hili huziba feni, mashine ikapata joto, ikawa nzito au ikazimika yenyewe. Sisi wa pwani tuna balaa la pili, nalo ni hewa ya bahari yenye unyevu na chumvi, ambayo hushika vumbi na kutia kutu. Tulilitoa kwa brashi, tukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Hatukutumia kitambaa chenye maji. Vijiti vya kumbukumbu tulivitoa kwenye nafasi zake, tukavirudisha kwa kuvisukuma hadi vishikio vya pembeni vikalia, maana kijiti kilicholegea hufanya kompyuta ilie milio mfululizo bila kuonyesha kitu katika skrini.

Kisha tukafika kwenye betri. Inakaa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki, ikishikwa na ulimi wa chuma. Niliusukuma ulimi taratibu, betri ikaruka juu. Niliiweka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ile kuukuu sikuiacha mezani. Enyi wazazi, hapa nawaomba msikilize: betri ya sarafu ikimezwa na mtoto hukwama kooni na kuunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yaweza kutokea ndani ya saa 2 tu. Mkishuku mtoto ameimeza, mpelekeni hospitali papo hapo, msingoje kuona dalili. Na betri zilizokwisha zifungeni kwa utepe na kuziweka pasipofikiwa na mkono mdogo.

Tulipofunga na kuwasha, tuliingia tena katika bayosi na kurekebisha mambo manne. La kwanza ni tarehe na saa. La pili ni mpangilio wa kuwashia, yaani mashine itafute Windows wapi kwanza. Tuliiweka diski mbele ya flashi, ili flashi iliyosahauliwa isiizuie kuamka. La tatu ni desturi ya mashine baada ya umeme kukatika. Nyingi zina nafasi tatu: kubaki imezimwa, kujiwasha, au kurudia hali iliyokuwamo. Kwa mitaa yetu, ambako umeme hurudi na kukatika tena kwa dakika chache, tulichagua ibaki imezimwa hadi mtu aiwashe. La nne ni neno la siri la bayosi, ambalo humzuia mgeni kuchezea mipangilio. Tuliliweka, tukaliandika katika karatasi iliyofungiwa kabatini, kwa kuwa katika nyingi za mashine za ofisi neno hilo halifutiki kwa kutoa betri, na mwenye kulisahau hupata taabu.

Tukazima swichi ya ukutani, tukanywa kahawa na haluwa kwa muda wa nusu saa, tukawasha tena. Tarehe ilikuwa sawasawa.

Likabaki jambo la fedha. Nilimwomba dada tuzifuate stakabadhi si kwa tarehe bali kwa namba. Saa inaweza kusahau, lakini hesabu ya namba haikutegemea saa. Tulizipanga kuanzia ya kwanza ya mwaka hadi ya mwisho, hapakukosekana hata moja. Kila iliyokuwa na tarehe ya 2012 ilisimama baina ya mbili zenye tarehe sahihi, kwa hiyo siku yake ikajulikana. Kisha tukalinganisha na ujumbe wa M-Pesa katika simu ya duka, na fedha zilizolipwa kwa mkono tukazilinganisha na daftari la sanduku. Shilingi hazikupungua. Yule mama alikuwa amelipa deni lake lote, kama alivyosema.

Dada aliinamisha kichwa. Nilimwambia, "Ulimtuhumu mbele ya wateja, basi usimwombe radhi uchochoroni." Akafahamu. Jioni ile alikwenda kwao na binti, akakaa na bibi yake, akasema yaliyokuwa. Na siku iliyofuata, duka likiwa limejaa watu wa kununua nguo za Idi, alimrudishia ufunguo mbele yao na kutaja sababu. Binti alisema tu, "Shangazi, ningalikwambia mapema." Kisha akaketi penye kiti chake.

Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Kuandika huko ni amana, na leo wengi wetu tumeikabidhi amana hiyo kwa mashine. Basi mwenye mashine na aihudumie: aifungue na kuitoa vumbi walau mara mbili kwa mwaka, atie betri mpya anapoona saa imeanza kurudi nyuma, na awe na daftari la karatasi kando yake. Na mfanyakazi anayeona kasoro, hata ikiwa ndogo, amwambie mwenye duka siku hiyohiyo.

Hadi wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.