Embe, Kurunzi na Kuchwa kwa Jua

Mtoto wa Wema, kando ya Mto Tana, huliona jua likichomoza upande wa Lamu na kutua upande wa Tsavo. Akiambiwa kwamba dunia ndiyo izungukayo, hukariri tu apate alama. Hatumlaumu; macho yake yashuhudia kinyume. Lawama tunaupa ufundishaji wa ubaoni.

Mwalimu na achukue embe, atie nukta ya wino kuwa ndiyo Wema, kisha katika chumba chenye giza alizungushe mbele ya kurunzi, magharibi kwenda mashariki. Nukta itaingia nuruni na kutoka, kama sisi kila saa 24. Kurunzi isisogezwe! Wengi huisogeza, wakaliharibu somo lote.

Mtoto akiuliza mbona hahisi mwendo huo, asinyamazishwe. Akumbushwe mtumbwi uteremkao Tana maji yakiwa shwari: abiria huona miti ya ukingoni ndiyo inayokwenda.