Porojo ya Baroni na Uongo wa Dola

Barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, hekaya za Abunuwasi hazijamdanganya mtu. Msimulizi na msikilizaji wote wajua ni porojo, wakacheka.

Wajerumani nao wana Baroni Münchhausen, aliyepanda kombora la mzinga akaruka nalo angani. Mwaka 1943, vita vimepamba moto, dola ya Hitler ilimtolea filamu ya rangi yenye fahari kubwa, hata kasri la Sultani wa Uturuki limo. Mwandishi wake, Erich Kästner, ilimbidi afiche jina. Vitabu vyake vilichomwa moto chini ya utawala huo huo mwaka 1933.

Lakini dola hiyo ilikuwa na filamu za namna nyingine. Ndugu yetu wa pwani, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliigiza katika "Carl Peters" ya 1941, iliyomtukuza mkoloni yule katili. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kuhusiana na mwanamke wa Kizungu. Akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Ndugu msomaji, porojo ijulikanayo kuwa porojo haina ubaya. Tuuogope uongo uliovishwa joho la historia.